Maji Yametuama Mlangoni

Mvua imenyesha usiku. Asubuhi jua limetoka. Majani yamekauka. Barabara imekauka. Lakini mbele ya mlango maji bado yapo. Kesho yake bado yapo. Wiki inapita, bado yapo. Watoto wanayarukaruka. Bata wanayaogelea. Usiku mbu wanaimba.

Zamani uwanja wa nyumba ulikuwa udongo mtupu. Maji yakituama, mtu alichukua jembe, akachimba kijimfereji, maji yakaenda zake. Siku hizi watu wengi wametandika matofali ya saruji mbele ya nyumba, kwenye zahanati, shuleni na kwenye njia ya gari. Mafundi huyaita pevingi. Matofali haya ni mazuri. Huondoa matope na vumbi. Lakini yakianza kutuamisha maji, huwezi kuchukua jembe ukachimba tu. Wengi husema, "Basi, imeshaharibika." Wengine hununua saruji na kumwaga juu yake. Fedha zinakwisha, maji yanabaki.

Ndugu msomaji, leo tutajifunza namna ya kuyaondoa maji hayo. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: matofali yakituamisha maji, mara nyingi kosa haliko kwenye tofali. Kosa liko chini ya tofali au kando yake. Kwa hiyo kwanza tazama, halafu tengeneza.

KWA NINI TUJALI MAJI YALIYOTUAMA?

Mwaka 1897 daktari Mwingereza aitwaye Ronald Ross alikuwa akifanya kazi India. Aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo watu walianza kuelewa kwamba malaria haitokani na hewa mbaya wala umande. Malaria huletwa na mbu jike wa aina ya anofelesi.

Mbu huyu hutaga mayai kwenye maji. Mayai huanguliwa, hutoka viluwiluwi. Viluwiluwi hukua ndani ya maji, hugeuka, kisha mbu huruka. Kukiwa na joto, kazi yote hiyo huchukua kama siku 7 hadi 14. Mbu wa malaria hapendi maji machafu ya chooni. Hupenda vidimbwi vidogo vya maji ya mvua, vilivyo kwenye jua: alama za kwato za ng'ombe, alama za magurudumu ya gari, na mabonde madogo uwanjani.

Sasa fanya hesabu. Kidimbwi kikikauka siku ya pili, viluwiluwi hufa. Kidimbwi kikikaa zaidi ya wiki moja, mbu wanaweza kuruka. Hivyo si lazima uogope kila tone la maji. Ogopa maji yanayokaa.

Kuna mbu wengine pia. Kuna wale wapendao mitaro iliyoziba na maji machafu. Hao katika sehemu nyingi za pwani hueneza matende na mabusha. Tena maji yakikaa ukutani, ukuta hunyonya unyevu na kuharibika. Matofali yakikaa na maji huota utando wa kijani unaoteleza. Mzee akiteleza huweza kuvunjika nyonga. Mama mjamzito akianguka ni hatari kwake na kwa mtoto.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Hebu tuchukue mfano wa zahanati ya kijiji. Mfano huu ni wa kujifunzia, lakini mambo yake hutokea mahali pengi.

Zahanati hii ina njia ya gari iliyotandikwa matofali. Njia ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 3. Kina mama hukaa kando ya njia hiyo na watoto wachanga, wakisubiri kliniki. Miaka miwili baada ya kutandikwa, njia ilianza kutuamisha maji. Kina mama wakalalamika. Wakasema, "Tunaleta watoto wapate afya, hapa tunawalisha mbu."

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano wa kamati. Bwana Afya wa kata alikuwapo. Fundi wa kijiji alikuwapo.

"Fundi," akauliza Mwenyekiti, "shida hii itaisha kwa mifuko mingapi ya saruji?"

"Mifuko 10, Mwenyekiti," akajibu Fundi. "Tutamwaga zege juu ya matofali yote."

Mjumbe mmoja akasema, "Saruji ya nini? Tuvunje ukingo pale chini, maji yateremke yenyewe."

Mama mmoja akasimama. "Jamani, pale chini ni kwangu. Kisima changu kipo pale pale. Maji ya hapa yanapita kwenye taka na oili ya magari. Mnataka yaingie kwenye kisima changu, wanangu wayanywe?"

Watu wakanyamaza.

Bwana Afya akasema, "Mama amesema kweli. Ugonjwa wa zahanati tusiuhamishie nyumbani kwake. Na wewe Fundi, kaka yangu, nikuulize. Mgonjwa akifika hapa na homa, mganga humpa dawa kabla ya kumpima?"

"Humpima kwanza," akajibu Fundi.

"Basi na sisi tupime kwanza. Mvua itakaponyesha, tukutane hapa."

TAZAMA MVUA INAPONYESHA

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Wajumbe wakaja, wengine na miamvuli, wengine wamejifunika mifuko ya plastiki. Bwana Afya akawaambia watazame mambo manne. Nawe nyumbani kwako tazama hayo hayo.

Kwanza: Maji yanatoka wapi? Yanatoka mawinguni tu, au yanatoka pia kwenye paa, barabarani au kwa jirani?

Pili: Maji yanakwenda wapi? Yanakwenda mbali na ukuta au yanaufuata ukuta?

Tatu: Yanasimama wapi? Yamesimama mahali pamoja kama kwenye sahani, au yametanda uwanja mzima?

Nne: Mvua ikikatika, yanachukua muda gani kuondoka?

Fundi akachukua chaki. Maji yalipoanza kupungua, akazungushia alama kila dimbwi. Kesho yake chaki ilionyesha kila kitu.

Waliona makosa matatu. Kosa la kwanza: mtaro wa kando ya njia ulikuwa umejaa udongo na majani. Udongo ulikuwa umepanda juu kuliko matofali, ukawa kama ukuta. Maji yalifika hapo yakarudi. Kosa la pili: paa la zahanati halikuwa na mifereji ya bati. Maji yote ya upande mmoja wa paa yalimwagika juu ya njia. Kosa la tatu: karibu na lango, magurudumu ya gari yalikuwa yamedidimiza matofali. Hapo palikuwa na bonde, na maji yalikaa humo siku nyingi.

Fundi akacheka. "Kumbe mifuko yangu 10 ya saruji ingekuwa bure!"

Ni kweli. Ukimwaga zege juu ya matofali, unainua uwanja. Uwanja ukiinuka kupita sakafu ya nyumba, maji yataingia ndani. Na kama ardhi ya chini inaendelea kudidimia, zege litapasuka. Tena tofali unaweza kuliinua ukatengeneza chini yake. Zege huwezi kuliinua. Utalivunja.

JIFUNZE NJIA YA MATOFALI ILIVYOJENGWA

Ili utengeneze kitu, kwanza ujue kilivyo. Njia ya matofali ni kama kitanda. Tofali ni shuka tu. Nguvu iko chini.

Chini kabisa kuna ardhi iliyoshindiliwa. Juu yake kuna tabaka la kokoto au changarawe ngumu, lililoshindiliwa pia. Kwa njia ya gari dogo tabaka hilo huwa na unene wa sentimita 10 hadi 15. Ardhi ikiwa laini, tabaka liwe nene zaidi. Juu ya kokoto kuna mchanga wa kulazia matofali, sentimita 3 hadi 5 tu. Juu ya mchanga kuna matofali. Kwa magari madogo, tofali lenye unene wa sentimita 6 hutosha. Nafasi kati ya tofali na tofali hujazwa mchanga laini mkavu. Kandokando kuna kingo za zege. Kazi ya kingo ni kuyabana matofali yasitawanyike.

Jambo jingine ni mteremko. Maji hayana miguu. Hufuata mteremko tu. Uwanja wa matofali unatakiwa ushuke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja. Njia yenye upana wa mita 3, upande mmoja uwe chini kuliko mwingine kwa sentimita 7 na nusu. Mteremko huo huelekea mbali na nyumba, wala si kwenye ukuta. Na uso wa matofali ukutanapo na ukuta, uwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15 hivi.

Utapimaje? Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama mafundi wafanyavyo. Jaza maji, toa mapovu yote. Mtu mmoja ashike ncha hii, mwingine ashike ncha ile. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Weka alama, funga uzi, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye matofali. Chombo hiki ni rahisi, na maji hayasemi uongo.

KAZI YA KWANZA: SAFISHA

Kazi ya kwanza ya zahanati haikuhitaji fedha. Ilihitaji majembe, machepe na fagio. Asubuhi moja wanakijiji walikuja kujitolea.

Walizoa udongo wote uliopanda kando ya matofali. Uso wa matofali unatakiwa uwe juu kidogo kuliko ukingo wa mtaro, ili maji yaanguke ndani. Walizibua mtaro. Walitoa majani, mifuko ya plastiki na matope. Walipima mtaro wenyewe kwa uzi, ukashuka sentimita 1 kwa kila mita. Mtaro usio na mteremko ni bwawa refu la mbu.

Kisha walisafisha nafasi kati ya matofali. Nafasi hizo zikijaa matope, maji hayanyweki kabisa. Walikwangua matope na majani kwa kisu butu, wakafagia kwa ufagio mgumu. Wakarudishia mchanga laini mkavu uliochekechwa. Usitumie mchanga wa baharini, kwa sababu una chumvi. Wala usimwage oili chafu ili kuua majani au viluwiluwi. Oili huharibu udongo, na huweza kufika kwenye maji ya kisima.

Mvua iliyofuata, sehemu kubwa ya maji iliondoka yenyewe. Hakuna hata mfuko mmoja wa saruji ulionunuliwa.

KAZI YA PILI: MAJI YA PAA

Watu wengi hawajui uzito wa maji ya paa. Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, hutoa lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 20 hutoa lita 20, yaani ndoo moja kubwa, kwa kila mita ya mraba.

Sasa chukua paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Zidisha 8 kwa 6, unapata mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 20 itamwaga ndoo 48 kutoka kwenye paa hilo. Hizo ni lita 960. Maji hayo yote yakiangukia matofali yako, njia itashindwa.

Zahanati ilifunga mifereji ya bati na kuyapeleka maji kwenye tangi. Kijiji kikapata faida mbili. Njia ikapumzika, na zahanati ikapata maji ya kufagilia na kuosha sakafu. Lakini kumbuka: tangi lifunikwe vizuri, na matundu yake yawekwe wavu mwembamba. Tangi wazi ni nyumba ya mbu. Mbu wa homa ya dengi hupenda sana kutaga kwenye matangi, mapipa na matairi yenye maji.

KAZI YA TATU: INUA BONDE

Hapa Fundi alionyesha ufundi wake. Fuata hatua zake.

1. Chora mstari kuzunguka bonde. Mstari upite nusu mita nje ya sehemu iliyodidimia, kwa kila upande.

2. Toa mchanga kwenye nafasi za tofali la kwanza. Ingiza bisibisi mbili bapa, moja huku na moja huku. Linyanyue polepole. Tofali la kwanza ni gumu kutoka. Mengine yatafuata. Yapange kando na uyasugue, utayatumia tena.

3. Zoa mchanga wa zamani. Tazama kilicho chini. Kama kokoto zimechanganyika na tope laini, toa tope lote. Kama kuna bomba linalovuja au mizizi ya mti, tengeneza hapo kwanza. Usifunike ugonjwa.

4. Jaza kokoto zilizochanganyika na changarawe. Usijaze zote kwa mara moja. Weka tabaka lisilozidi sentimita 10, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa gogo zito au mashine mpaka pawe pagumu. Kisha weka tabaka jingine.

5. Tandaza mchanga wa sentimita 4 hivi. Usawazishe kwa ubao ulionyooka. Ukishausawazisha, usiukanyage.

6. Rudisha matofali. Yakae juu kidogo kuliko majirani zake, kama sentimita 1. Yatashuka yakishindiliwa.

7. Weka ubao juu ya matofali na ushindilie. Fagia mchanga laini mkavu uingie kwenye nafasi zote. Shindilia tena, fagia tena. Baada ya wiki chache, ongeza mchanga uliopungua.

Wengi hukosea hatua ya 4. Wanaona bonde, wanainua matofali, wanajaza mchanga mwingi, wanarudisha. Kwa mwezi mmoja panapendeza. Gari likipita mara nyingi, mchanga unakimbia, bonde linarudi. Mchanga ni godoro, si msingi.

MAJI YAENDE WAPI?

Sasa turudi kwa yule mama mwenye kisima. Maji yametoka kwenye njia na yamo mtaroni. Yatakwenda wapi? Swali hili liulizwe kabla ya kuchimba mtaro, si baada yake. Mtaro unaoishia mlangoni kwa jirani si mtaro. Ni ugomvi.

Bwana Afya alimwendea mama yule nyumbani kwake.

"Hodi hapa, mama."

"Karibu, Bwana Afya."

"Tumeshapata njia nyingine. Mtaro tutauzungusha upande wa juu, uende kwenye migomba ya zahanati. Kisima chako hautakigusa. Lakini tunaomba uje utazame kabla hatujachimba."

Mama akaenda. Akatazama uzi ulivyofungwa. Akasema, "Hapo sawa. Nami nitaleta jembe langu."

Kumwagilia migomba au bustani ni njia nzuri. Kama huna nafasi hiyo, unaweza kuchimba shimo la kunyonya maji. Lakini kwanza pima udongo wako. Chimba kijishimo cha sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 30. Jaza maji, yaache yanywee. Jaza tena. Kama maji bado yapo kesho yake, udongo wako ni mfinyanzi. Shimo la kunyonya halitakufaa, litakuwa kisima cha mbu.

Kama maji yamenywea vizuri, chimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina mita 1 na nusu. Lijaze mawe, lifunike kwa mawe madogo, kisha udongo. Liwe mbali na nyumba kwa mita 5 au zaidi. Lisiwe karibu na kisima wala choo. Unapochimba, usimwache mtoto karibu, na shimo lisilale wazi usiku.

Jambo moja usifanye kamwe: usielekeze maji ya mvua kwenye shimo la choo. Shimo likifurika, kinyesi hutapakaa uwanjani na kuingia visimani. Hapo unaweza kuleta kuhara na kipindupindu kijijini.

KAMA NJIA YOTE IMEELEKEA NYUMBANI

Wakati mwingine fundi alikosea tangu mwanzo. Njia yote inateremkia kwenye mlango. Kufagia hakutasaidia. Hapo kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kuinua matofali yote, kurekebisha mteremko chini na kuyatandika upya. Ni kazi kubwa, lakini matofali ni yale yale. Njia ya pili ni kukata mtaro mwembamba mbele ya mlango, kukingama njia, ili maji yanaswe kabla ya kufika ukutani. Mtaro huo uwe na mteremko wa kutokea kando, na ufunikwe kwa vyuma vyenye matundu au vipande vya zege vinavyoinuliwa. Kifuniko kisichoinuliwa huzuia kusafisha. Mtaro usiosafishwa huziba.

Kama sasa ndipo unataka kutandika matofali nyumbani kwako, mwambie fundi wako hivi kabla hajaanza: "Nionyeshe mteremko kwa uzi. Nionyeshe maji yatakapokwenda." Fundi mzuri hatakasirika. Kazi ikiisha, mwaga ndoo moja ya maji juu ya matofali. Tazama yanakokimbilia. Kisha ndipo mmalize hesabu.

KAGUA KILA WIKI

Wazee wetu wengi wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha wakashika majembe. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Walijifunza kwamba afya haingoji hospitali. Mwaka 2004 mpango wa kudhibiti malaria ulianza Dar es Salaam, na wakazi wa mitaa walifundishwa kuzunguka wakitafuta viluwiluwi kwenye vidimbwi na mitaro.

Nawe unaweza. Chagua siku moja ya wiki, kwa mfano Jumamosi. Zunguka nyumba yako. Maji yoyote yaliyokaa, yaondoe. Ukikagua kila siku 7, mbu wengi hawatapata muda wa kukua. Tazama pia kama kuna viluwiluwi. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Vya mbu wengine huning'inia kichwa chini. Vyote viondoe.

Lakini tusidanganyane. Kukausha uwanja peke yake hakumalizi malaria. Mbu huruka kutoka mbali. Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa, wewe na watoto wako, kila usiku. Mtoto akipata homa, usimpe dawa kwa kubahatisha. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Akikutwa na malaria, mpe dawa aliyoandikiwa, na uimalize dozi yote hata kama amepata nafuu.

Katika mfano wetu, mvua kubwa zilikuja. Kina mama walikaa kando ya njia na watoto wao. Maji yalipita matofalini, yakaingia mtaroni, yakaenda kwenye migomba. Mwenyekiti akamwuliza Fundi, "Je, tulitumia mifuko mingapi?"

Fundi akajibu, "Mmoja tu, Mwenyekiti, wa kurekebisha ukingo. Mingine ilikuwa macho yetu na majembe yetu."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, maji hutuama wapi baada ya mvua? Hukaa siku ngapi?

2. Kwa nini kumwaga zege juu ya matofali si dawa?

3. Paa lako lina urefu na upana wa mita ngapi? Mvua ya milimita 20 itakupa ndoo ngapi?

4. Maji ya uwanja wako yanaishia wapi? Je, jirani yako anasemaje?

5. Ni kazi gani tunaweza kuifanya Jumamosi hii bila kununua kitu?